Chumba cha Fundi Baridi

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake, ingawa asingekiri hata ungembana kwa koleo. Alikuwa mwashi. Kuna waashi wanaojenga nyumba zikasifiwa kwa uzuri, na kuna wanaojenga zikasifiwa kwa uimara. Huyu alijenga vyumba ambavyo mchana wa jua kali, mabati ya majirani yakitatarika kwa joto, mgeni akiingia anauliza kama kuna shuka.

Alivyofanya si uchawi. Kuta za mawe, udongo na chokaa, nene kama mkono wa mtu mzima kuanzia kwapani hadi ncha za vidole. Dirisha moja dogo la mbao. Juu, zege lililotandikwa udongo. Marehemu baba yake ndiye aliyemfundisha, naye hakuwa mtu wa maneno mengi: ukuta mnene unakunywa usiku. Usiku kukipoa, ukuta unaunywa ule ubaridi mpaka unashiba. Mchana jua likipiga, unautoa kidogo kidogo, na kabla haujamaliza akiba yake usiku mwingine umeshaingia.

Huyo baba alikuwa na ukorofi wake mmoja. Nyumba hakuikabidhi ila alfajiri. Alimwamsha mwenye nyumba, akamwambia aweke shavu ukutani, na shavu likishtuka kwa ubaridi ndipo funguo zinatoka mfukoni. Mwanawe aliiacha tabia hiyo mapema sana. Nani aamke gizani, na mteja mwenyewe anataka kuonyeshwa mchana, majirani wakimwangalia? Basi yeye alikabidhi mchana. Watu waliingia wakitiririka jasho, wakashusha pumzi ndefu, na jina likazidi kupaa. Kila mteja alipewa na agizo la bure: fungeni mlango, fungeni dirisha, baridi isitoke.

Chumba alichokijenga kwa moyo wake wote kilikuwa cha mama yake. Kilisimama nyuma ya nyumba, kimejitenga kidogo, na ndicho alichowaonyesha wateja wapya kabla hawajaanza kusitasita. Mama alikuwa ameshazeeka, miguu imemchoka, na siku zake nyingi zilipita humo kitandani au kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango. Wateja walipoingia kuzishika zile kuta, aliwakaribisha vizuri na kuwaambia mwanawe ana mkono wa baba yake.

Sasa huyu fundi alikuwa na mdogo wake wa kike, mfanyakazi wa kituo cha hali ya hewa, ng'ambo ya pili ya mji. Huko kuna kibanda cheupe cha mbao chenye vipimajoto ndani, na kazi yao ni kusoma joto la juu kabisa la mchana na la chini kabisa la usiku, leo, kesho na keshokutwa, miaka nenda miaka rudi. Fundi aliona hiyo si kazi ya mtu mwenye mikono miwili. Alimwita Mlinzi wa Jua.

"Jua halijatoroka leo?" alimuuliza jioni moja, dada alipokuja kula nao.

"Jua lipo," dada akajibu. "Usiku ndio unatoroka."

Fundi akacheka, akamtazama mkewe ili naye acheke. Mkewe alikuwa anapakua chakula.

"Sikiliza, kaka, acha mzaha kidogo. Watu wanatuuliza joto la mchana tu. Mchana umepanda, ndiyo. Lakini nikiangalia usiku wa tangu ulipoanza ufundi mpaka usiku wa siku hizi, usiku umepanda zaidi. Na si hapa kwetu tu. Sehemu nyingi za dunia wanaopima wanaona hivyo hivyo. Mchana unapanda na usiku unaufukuzia, nafasi kati yao inapungua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kuta zako zinakunywa nini?"

Kijiko cha fundi kilisimama hewani. Kisha akakasirika, kama anavyokasirika mtu aliyeulizwa swali zuri mezani kwake mwenyewe. Alimwambia dada yake kwamba yeye amesoma vitabu, sawa, lakini ukuta hausomwi, ukuta unashikwa. Amwendee mama chumbani sasa hivi akamuulize. Dada alikwenda kweli. Mama alimjibu kwamba chumba ni kizuri mno, kaka yako amenihurumia. Fundi aliyasikia hayo kutoka mlangoni na kifua kikamjaa.

"Umesikia?" akasema.

Siku iliyofuata dada alirudi na kipimajoto cha kazini, kile chenye vijiti viwili vidogo vya chuma ndani ya kioo. Kijiti kimoja kinasukumwa na joto likipanda na kinabaki pale lilipofika juu kabisa. Cha pili kinabaki pale liliposhuka chini kabisa. Aliomba akitundike chumbani kwa mama wiki moja. Fundi alimruhusu kwa furaha, akachomeka msumari mwenyewe, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba wiki hiyo ikiisha angekuwa na la kumsimanga mdogo wake mpaka uzeeni.

Wiki hiyo joto lilikuja na hasira. Upepo uligoma. Fundi alitoka kazini mchana amelowa, akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama, akakaa sakafuni na kuegemeza mgongo ukutani. Raha ilioje. Alimkuta mama anasinzia, akafikiri amelala kwa raha kama yeye. Mama alikuwa anakunywa maji kidogo sana, akisema hataki kuwasumbua watu usiku kumsindikiza chooni. Asubuhi moja mke wa fundi alivua foronya ya mto wa mama mkwe, ikamlowesha jasho mkononi, akaifua akaianika. Alimwambia mumewe. Fundi akamwambia wazee ndivyo walivyo.

Na jioni nyingine mama aliuliza, kwa sauti ya kutania, kama anaweza kutandikiwa barazani.

"Mama, watu wananililia niwajengee chumba kama chako," fundi alimwambia, "wewe unataka ukalale nje na mbu?"

"Haya, mwanangu," mama akasema, na fundi akamfungia dirisha baridi isitoke.

Kulipokucha mkewe alipeleka uji na hakuitikiwa. Alimgusa mama mkwe begani, akamwaga uji wote. Fundi alifika mbio akiwa na kiatu kimoja mguuni. Mama alikuwa amefumbua macho nusu, ngozi inawaka na imekauka, na anasema maneno yasiyoshikana, anamwita mumewe aliyekufa zamani aje afungue. Afungue nini, hakusema. Fundi alimbeba mgongoni hadi barabarani, na mwili wa mama ulimchoma kupitia shati.

Hospitalini walimchukua mara moja, wakamfunika kwa vitambaa vya maji na kumtundikia dripu. Baada ya muda daktari alitoka, akamkuta fundi amesimama palepale alipoachwa, bado na kiatu kimoja.

"Mama analala wapi?"

Hata katika hali ile, ulimi wake ulijibu kwa mazoea. "Kwenye chumba cha baridi kuliko vyote mji huu."

"Mzee anaweza kuvumilia mchana mkali," daktari alisema, "kama usiku mwili wake unapata kupoa. Huyu hajapoa siku nyingi. Amekuwa akiiva polepole, usiku baada ya usiku. Hicho chumba kina nini?"

Fundi alihisi kama amepigwa kofi na mtu ambaye hakumwona akiinua mkono. Akaenda kukaa kwenye benchi la ukumbini.

Benchini alikaa seremala. Walijuana vizuri, yeye ndiye aliyemtengenezea fundi madirisha ya mbao, na fundi alimjengea chumba cha baba yake, kazi ya kubadilishana, kirafiki. Seremala alikuwa ameshika kofia ya mzee mapajani.

"Baba ametutoka," alisema. "Alfajiri hii. Nasubiri karatasi zao nimpeleke nyumbani."

Fundi alimpa pole. Ilitoka yenyewe.

"Mungu amempenda," seremala akaendelea. "Lakini nataka nikushukuru, fundi, na ni vizuri nimekuona. Joto lote hili, watu wanateseka, mzee wangu siku zake za mwisho amezimaliza kwenye baridi. Tumemkuta kitandani ametulia. Mlango tumefunga, dirisha tumefunga, vile vile ulivyotuagiza. Hatukuiachia itoke hata kidogo."

Kisha akamshika fundi mkono kwa mikono yake yote miwili. Fundi aliiangalia ile mikono. Kulikuwa na jambo alilopaswa kulisema pale pale, na alilijua, na hakulisema. Alibaki anatikisa kichwa kama mjinga huku seremala anamshukuru.

Dada yake alimkuta hapo. Alikuwa amekwisha kumwona mama, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Twende nyumbani," akasema.

Waliingia chumbani kwa mama wote wawili. Shuka lilikuwa bado chini, uji umekauka sakafuni. Dada alikwenda kwenye kipimajoto, akakitazama, akarudi nyuma hatua moja ili kaka yake asogee.

"Soma wewe."

"Sijui kusoma hivi vidude vyako."

"Unajua kusoma utepe wa kupimia. Soma."

Kijiti cha juu kilikuwa thelathini na nne. Fundi alitikisa kichwa kwa kuridhika kidogo. Nje mchana kulikuwa kumepita hapo kwa mbali. Kisha akatafuta kijiti cha chini. Alikitafuta kwenye ishirini, hakikuwapo. Akapanda ishirini na tano. Akapanda tena. Kilikuwa kimesimama thelathini na mbili.

"Kimeharibika," akasema.

"Hakijaharibika."

"Dada, hii ni wiki nzima. Unaniambia wiki nzima, usiku wote, humu hakujawahi kushuka chini ya hapa?"

"Hata mara moja. Nje kituoni, jana, usiku ulishuka hadi ishirini na saba ukaishia hapo. Zamani, msimu huu huu, ulikuwa unafika ishirini na chini yake. Ukuta wako unafanya kazi ile ile aliyokufundisha baba, kaka. Unakunywa unachopewa. Mchana unakunywa joto, usiku hakuna cha kulitoa, kesho unaongezewa jingine. Ukiingia kutoka juani unaona baridi kwa sababu umetoka kwenye moto. Mama hakutoka popote. Alikuwa humu humu."

Fundi alikaa kwenye kiti cha mama. Aliangalia kuta zile, kila jiwe alilijua, mengine aliyachagua mwenyewe machimboni akayapigapiga kwa nyundo kusikia sauti yake. Kazi nzuri, isiyo na ufa. Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa, kwa sababu ukuta mbovu ungekwishaanguka zamani. Akaanza kukumbuka vyumba alivyojenga, mtaa kwa mtaa, na kila alipokumbuka chumba alimkumbuka mzee aliyelazwa ndani yake, maana nani mwingine anajengewa chumba cha baridi? Vijana wanalala popote.

"Waambie leo," dada akasema, kana kwamba alikuwa anavihesabu pamoja naye.

"Kesho. Ngoja kwanza nihakikishe mwenyewe alfajiri, kwa shavu."

"Kaka."

"Nimesema kesho."

Aibu ndiyo iliyosema hivyo, si yeye. Aliyejulikana kwa jina moja maisha yake yote alikuwa anaomba alale nalo siku moja zaidi.

Jioni mama alipata fahamu. Alikuwa mdogo kitandani, midomo imepasuka, lakini macho yamerudi. Fundi alimnywesha maji kwa kijiko. Alitaka kusema mambo mengi, akasema moja tu.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Mama alimeza maji kwanza.

"Ningekuambia nini, mwanangu, na watu wanakuita Baridi?"

Fundi alilia. Alilia mbele ya wagonjwa na wauguzi, mtu mzima mwenye mvi, na kijiko kikaanguka. Mama alimpapasa kichwani kwa mkono wenye dripu na kumwambia asimwage maji, maji yenyewe ya kubeba kutoka bombani.

Alfajiri alikwenda chumbani kwa mama. Jua halijatoka, umande hakuna. Aliweka shavu ukutani kama baba yake alivyowafanyisha wateja wake, akaliondoa haraka. Ukuta ulikuwa na vuguvugu, kama ubavu wa ng'ombe. Kisha akaenda kuchukua nyundo kubwa na tindo, akaanza kuuvunja upande wa upepo, mahali alipopaswa siku nyingi kuweka dirisha la maana. Mkewe alitoka na kanga mabegani, akaona, hakuuliza kitu, akaanza kusogeza vitu vya mama visiingie vumbi. Jiwe la kwanza lilipotoka katikati ya ukuta, fundi alilidaka, na nusura alitupe. Ndani kabisa, mahali pasipowahi kuonwa na jua, jiwe lilikuwa na joto kuliko mkono wake.

Hakulitua. Alilivingirisha kwenye shati lake na kutoka nalo, akiwa na vumbi hadi kwenye kope.

Nyumba ya karibu ilikuwa ya mwalimu mkuu mstaafu, mama mmoja wa maneno makali na moyo mweupe. Mumewe, dereva wa malori zamani, alijengewa chumba chake miaka michache iliyopita, na mwalimu alikuwa anakitangaza bila kuombwa. Alikuwa ameshaamka, anafagia uwanja.

"Fundi Baridi, mbona asubuhi asubuhi? Na hilo vumbi, umelala machimboni?"

"Mwalimu, samahani. Shika hili."

Akamwekea jiwe mkononi. Mwalimu alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Umelitoa jikoni?"

"Hapana. Limetoka ndani ya ukuta wa chumba cha mama. Sasa hivi. Mama yuko hospitali. Chumba chako nilikijenga vile vile. Mzee ameamka?"

"Bado. Siku hizi anachelewa sana, nami namwacha, nasema chumba kizuri kinamlaza." Alisema hivyo huku akiliangalia jiwe. Kisha akauangalia mlango wa chumba cha mumewe uliofungwa barabara, na ufagio ukamtoka mkononi.

Walikimbia wote wawili. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani, baridi isitoke. Mwalimu aligonga kwa kiganja akiita jina la utani la mumewe, ambalo fundi hakuwahi kulisikia, na ndani kulikuwa kimya. Fundi alirudi nyuma ili aupige bega. Alikuwa ameujenga vizuri ule mlango pia.

Komeo likalia. Mlango ukafunguka nusu, na hewa iliyotoka ilikuwa nzito na ya moto, kama mtu amefunua sufuria. Mzee alikuwa amesimama kwa kushikilia ukuta, kifua wazi, macho yameingia ndani. Nyuma yake, kando ya kitanda ambacho hakikulaliwa, kulikuwa na beseni la maji na kiti, na sakafu yote imelowa kuanzia hapo hadi dirishani. Ilionekana wazi kwamba si usiku mmoja aliokaa hivyo, miguu ndani ya beseni, akisubiri kuche.

Mwalimu aliweka mkono mdomoni. "Na mimi nakuuliza kila siku umelalaje. Na wewe unaniambia umelala vizuri."

Mzee alikuwa amemwona fundi, na uso wake ulijaa haya, kama mtu aliyefumaniwa akiteta.

"Usikasirike, fundi," alisema. "Chumba ni kizuri. Mimi tu ndiye nimezeeka."

Fundi alikosa pa kuuficha uso wake. Akaingia, akampitisha mzee mkono begani mwake, akamtoa nje taratibu hadi uwanjani kwenye upepo mdogo uliokuwapo, na mwalimu akaleta maji. Alipokwisha kumkalisha, alilichukua lile jiwe pale mwalimu alipoliangusha. Lilikuwa bado na joto. Nyumba iliyofuata ilikuwa ya seremala, na ilimbidi apite kwanza katikati ya watu waliokuja kuzika.